Kiapo cha Mtani

Msiba wa Kinyangiri ukikosa mtani haujakamilika. Watu watalia, jeneza litashuka, mchungaji atasema yake, lakini mpaka mtani asimame amkashifu marehemu na jamaa zake wote, waliao wacheke, watu watarudi makwao wakiona wamekula ugali bila mboga. Kwa ukoo wa marehemu mzee Obadia, mtani wa kutegemewa alikuwa mmoja tu, mzee Alute, Mnyaturu, watani wa jadi wa watu wa huku, aliyehamia kutoka Mgori akiwa kijana. Mtu mrefu, mkavu, na ulimi hauna breki.

Siku hiyo walikuwa wakimzika shangazi wa ukoo. Eliana, mtoto pekee wa mzee Obadia, mwenyewe sasa ni mama wa makamo, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, khanga kichwani, akilia kwa uchungu wa kweli. Alute akamjia na fimbo yake.

"Na wewe Mrundi," alisema kwa sauti ya kufika mpaka kaburini, "nani kakuruhusu kulia msiba wa wenye nchi? Kibali kiko wapi? Obadia alikuokota kwenye treni akidhani ni mzigo wa ndizi!"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Eliana naye akacheka, machozi yangali shavuni, akamrushia maganda ya karanga. Neno hilo alikuwa amelisikia tangu hajaota meno ya pili. Alute alilisema siku alipoanza shule, akalisema siku alipoolewa na Mathayo, akalirudia kanisani kwenye ubatizo wa binti yao Peniel, na watu walilicheka kila mara kama jipya.

Ila upande wa wanaume alikuwapo kijana mmoja, afisa wa Uhamiaji, mgeni wilayani, aliyemsindikiza rafiki yake kuzika. Alikotoka yeye watu wana watani wengine na taratibu nyingine. Hakucheka. Siku chache baadaye alimfuata Alute nyumbani, akamwamkia vizuri, akamwuliza kama ni kweli yule mama ni Mrundi. Alute akamtazama, akaona kijana mwenye adabu anayetaka kujifunza mila. Na mtani hata siku moja harudi nyuma mbele ya mgeni.

"Kweli kabisa," akasema. "Nilikuwepo. Tulimtoa Itigi, nikambeba mgongoni, akanikojolea."

Kijana akashukuru, akaenda zake. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Eliana akaitwa ofisini. Afisa hakumfokea wala kumtisha. Alimpa kiti, akamweleza kwamba inabidi alete uthibitisho kuwa alizaliwa nchini, au kuwa mmoja wa wazazi wake ni Mtanzania. Eliana akasema wazazi wamekufa, na yeye kadi ya kliniki hana, alizaliwa nyumbani kama watu wote wa wakati ule. Kitambulisho cha taifa alikuwa akikiahirisha kila mwaka kwa sababu ya kilimo. Afisa akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, uthibitisho usipopatikana, mama, itabidi urudi kwenu.

Eliana alitoka nje akasimama uani, akatazama upande huu na upande ule. Kwao alikokujua kulikuwa kule alikotoka asubuhi, nyuma ya mashamba ya alizeti, na hakukuwa na kwao kwingine. Alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hofu ya mtu mzima anayeambiwa ahame maisha yake.

Tangu siku hiyo akawa anatembea kama aliyeamshwa kabla ya wakati. Utasema naye, anakujibu baadaye. Yaani alikuwapo na hakuwapo. Ilikuwa kipupwe, asubuhi zina ukungu na vumbi pamoja, na vichwa vya alizeti vilivyokauka vilikuwa vimeinama shambani vyote upande mmoja. Alipopita katikati yake alihisi vinamsikiliza.

Na ndoto yake ikaanza kumjia mchana. Alikuwa nayo tangu utotoni, moja ileile. Mvua inanyesha bila kukatika juu ya majani mapana ya migomba, na yeye yuko mgongoni kwa mtu, amefunikwa gubigubi, anaisikia mvua na halowi. Hakuna kingine. Sasa Singida ni nchi ya mtama na uwele, mvua yake huja kwa hasira na kuondoka kabla hujaanua nguo, na migomba mingi namna ile Eliana hakuwahi kuiona akiwa macho. Zamani ndoto hiyo ilimfurahisha. Sasa ilimjia akipalilia vitunguu, jembe mkononi, akawa anasimama katikati ya tuta akisikiliza mvua ambayo haipo.

"Tutafute wakili," alisema Mathayo jioni moja. Mathayo ni mtu wa maneno machache, akisema jambo ujue amelilalia.

Kutafuta wakili wa Uhamiaji vijijini, sikia tu kwa jirani. Mchungaji aliwaombea sala ndefu na nzuri. Mtendaji wa kijiji alisema hayo ni mambo ya juu, akanyoosha kidole darini. Walifunga safari mpaka Nduguti kwa Antipasi, ambaye darasa la sheria hakuligusa lakini watu wote humwita wakili, naye huitika. Antipasi aliwasikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Kesi ya mbuzi naiweza," alisema. "Ya mpaka wa shamba naiweza, hata ya mke aliyekimbia. Ya nchi na nchi, mama, sijapata kuletewa. Nani wa huku aliwahi kuambiwa si wa huku?"

Aliyewaonyesha njia ni Gasto, dereva wa lori linalosomba vitunguu. "Wakili wa Uhamiaji mnamtafuta kijijini?" aliwacheka. "Mtafuteni barabarani!" Akawaeleza kwamba Shelui, pale yanapopumzika malori yaendayo Rwanda na Burundi, kuna wakili mmoja mwanamke, Ritha, ambaye madereva humpigia karatasi zao zinapokwama. Anatoka Singida mjini kila siku ya mnada, anakaa kwenye mgahawa nyuma ya malori, na anayemhitaji anamkuta hapo.

Wakapanda lori la Gasto kukiwa hakujapambazuka vizuri. Walipofika kichwani mwa mlima wa Sekenke, pale barabara inapoanza kuteremka, mbuga ya Wembere ilikuwa imejaa ukungu mweupe mpaka ukingoni, na malori yaliyotangulia yalikuwa yakizama humo moja baada ya jingine, taa zinafifia, halafu hazipo. Gasto alipunguza mwendo. Eliana aliona wanashuka polepole kuingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine, na kwa muda hofu yake ikabaki kule juu mlimani. Alitamani wasifike mapema.

Ritha alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, nywele fupi, sahani ya supu mbele yake na simu mbili mezani. Alisimama kuwapokea, akaamkia, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akaagiza chai na chapati kabla hajauliza shida yao. Eliana akasimulia. Alipofika kwenye mzigo wa ndizi Ritha akacheka mpaka akafuta macho.

"Samahani mama. Na mimi ni wa huku, mtani wetu alimwambia mchumba wangu kwamba nalala na viatu." Akarudi kwenye kazi. "Basi suala lenu si gumu. Huyo mzee aje aape mbele yangu kwamba yalikuwa maneno ya utani, na aeleze anavyojua ulivyozaliwa. Kama wapo wengine waliowajua wazazi wako nao waape. Tutapeleka."

"Na kama isingekuwa utani?" aliuliza Mathayo.

"Isingekuwa utani, bado kuna mlango. Mwanamke aliyeolewa na Mtanzania sheria inamruhusu kuomba uraia wakati wowote, mumewe akiwa hai."

"Akiwa hai," alirudia Mathayo. "Basi nisife kwanza."

"Usife, baba. Lakini mlango huo unaanza kwa mtu kukiri kwamba alitoka kwingine. Akishakiri hawezi kurudi nyuma."

Meza ya pili walikuwa wamekaa madereva wawili wa malori ya Burundi wakila na kuzungumza kilugha chao, taratibu, sauti za chini, kama watu waliokwishachoka na barabara. Eliana hakuelewa hata neno moja. Alitaka kumwuliza wakili juu ya viapo, akafungua kinywa, na macho yakawa mazito. Uzito ulianzia kisogoni ukashuka mabegani, mtamu, wa kitoto. Akajitahidi kukaa wima. Sauti zile zikaendelea, zinapanda kidogo na kushuka, zinapanda na kushuka, na mvua ikaanza kunyesha juu ya migomba. Alilaza shavu mezani karibu na kikombe chake akalala usingizi mzito.

Mathayo aliona aibu, akataka kumtikisa. Ritha akamzuia kwa mkono.

"Usingizi hapati," Mathayo alieleza. "Tangu aitwe ofisini halali kabisa."

Wakamwacha. Chai ikapoa, mnada ukachangamka nje, ng'ombe wakapita na vumbi lao. Eliana alipoinua kichwa, alama za meza zikiwa zimechorwa shavuni, meza ya pili ilikuwa tupu.

"Wameenda?" aliuliza.

"Nani?" alisema Ritha.

"Wale waliokuwa wanaongea."

Ritha alimtazama kwa muda. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, huyo mtani wenu. Una uhakika huwa anatania?"

Eliana alikasirika. "Ni mtani wa baba yangu! Ndiyo kazi yake!" Na njiani kurudi alikuwa amekumbatia mkoba wake akitazama nje.

Ritha alikuja Kinyangiri na lori la Gasto lilipokuja kupakia vitunguu, muhuri wake ndani ya mkoba. Walikaa kibarazani kwa Mathayo. Alute alifika amevaa koti la harusi, amepaka viatu rangi.

"Shikamoo mzee," alisema Eliana.

"Marahaba, Mrundi. Wamekuja kukuchukua?"

Hata siku hiyo. Eliana akatabasamu bila kupenda. Ritha akamweleza mzee kwamba jambo la leo ni la kiapo, na kwamba atakalosema akishaapa litahesabiwa kuwa kweli mbele ya serikali. Akaweka Biblia mezani. Alute akaweka mkono juu yake, akauacha kidogo, akauondoa kama aliyeshika sufuria la moto.

"Yaani hapa nikisema, nimesema?"

"Umesema, babu."

"Hakuna wa kucheka?"

"Hakuna."

Mzee akaitazama Biblia. Eliana hakuwahi kumwona akikosa neno.

"Basi ngoja niseme kwanza bila kuapa," alisema Alute. Hakumtazama wakili, alimtazama Eliana. "Mwaka ule watu wengi walikuwa wanaikimbia Burundi. Mimi na baba yako tulikuwa Itigi kutafuta asali. Treni ya kutoka Kigoma ikamshusha mwanamke mgonjwa, mtoto mgongoni, amemfunga na vitambaa viwili. Tulimpa maji. Hakuna pale stesheni aliyejua lugha yake. Alikuwa akimwimbia mtoto tu, sauti ya chini, mpaka asubuhi ikamkuta amekwisha. Tukamzika pale pale, mimi na Obadia na vijana wa stesheni. Baba yako na mama yako walikuwa hawana mtoto, unajua. Akaniambia, Alute, huyu tukimwacha ataishia wapi? Asali tukaiacha."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya kibaraza, na Eliana aliwasikia kwa mbali sana.

"Njiani baba yako akaanza kuogopa. Watu watauliza. Mtoto atakua akinyooshewa kidole. Ukificha watachimba, ukisema watakumbuka. Mimi nilikuwa nimekubeba, na umeshanilowesha mgongo, hilo nalo kweli. Ndipo akasimama katikati ya njia akacheka. Akasema, Alute, wewe ni mtani wangu, na mtani hasadikiwi. Liseme wewe. Liseme kila siku, mbele za watu, kwa sauti, mpaka wasibaki na la kuuliza." Mzee akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Nikalisema. Eliana, mimi sijawahi kukutania hata siku moja."

Uchungu ulimpanda Eliana kifuani, na pamoja nao hasira, na chini ya hasira kitu kingine laini alichokijua bila kukijua. Alilia kwa sauti kama mtoto. Mathayo alisogeza kiti akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Itigi kuna migomba?" aliuliza alipoweza.

"Itigi? Vichaka vitupu. Kwa nini?"

"Basi," alisema Eliana. Sasa alijua kwamba mvua ile ilinyesha kweli, nchi nyingine, na mgongo ule ulikuwa wa yule mwanamke.

Alute akajikohoza, akarudisha mkono juu ya Biblia. "Sasa andika, wakili. Andika kwamba nilikuwa natania na huyu kazaliwa hapa hapa. Naapa. Mimi nimebakiza meno mawili, na Mungu tutamalizana."

"Hilo mimi siandiki, babu," alisema Ritha. "Nimeshasikia. Ila mawakili ni wengi, na mwingine hajasikia." Akamgeukia Eliana. "Mama, ni lako wewe."

Wote wakamtazama. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja la mzee ambaye amekuwa akisema kweli inayosadikiwa kuwa uongo, na kila kitu kingerudi kama jana, alizeti, tuta la vitunguu, mkeka wa msibani. Asingehitaji hata kuapa yeye. Lakini mzee akiapa kwamba ni utani, basi yule mwanamke wa Itigi hakushuka kwenye treni. Hakuimba. Hakumfunga mtoto kwa vitambaa viwili ili kimoja kikilegea kingine kishike.

"Nikikiri wakakataa?" alimwuliza wakili.

"Tutapambana. Lakini siwezi kukuahidi."

Mathayo akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mimi ni mzima," alisema. "Na nina nia ya kuendelea kuwa mzima."

"Aape kweli," alisema Eliana. "Sitamzika mama yangu mara ya pili."

Walipofika ofisini na kueleza yote, yule afisa kijana alibaki ameduwaa. "Kwa hiyo mzee alikuwa anasema kweli?"

"Alikuwa anasema kweli, mwanangu," alijibu Eliana. "Wilaya nzima umemsadiki wewe peke yako."

Kijana akashindwa kujizuia, akacheka, kisha akaona haya, akainama kupanga karatasi. Ritha aliwasilisha maombi ya uraia na cheti cha ndoa, akasema jibu huchukua muda, na kwamba maombi yakiwa mezani mama atabaki nyumbani kwake. Eliana akashusha pumzi.

Lakini habari zilishafika Kinyangiri kabla yao. Na hapo ndipo jambo ambalo hakulitegemea lilipoanza, watu wakawa wapole. Kwenye kisima wanawake walimpisha achote kwanza. Kanisani alitafutiwa kiti cha mbele. Majirani waliomwita Mrundi maisha yake yote wakawa wanamwita Mama Peniel kwa sauti ya chini, wanamwuliza ameamkaje, kama anahitaji chochote. Kila aliyemwona aliteremsha macho kidogo. Alipita katikati ya heshima hiyo kama ndani ya ukungu wa Sekenke, anawaona watu na hawafikii. Hakuna mtu aliyemfukuza, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiona mgeni, na ikamuuma kuliko siku ile ya ofisini.

Baya zaidi lilikuwa la mzee Alute. Eliana alikutana naye njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Habari za nyumbani?" Na akapita.

Eliana alivumilia, halafu uvumilivu ukamwishia. Jumapili moja baada ya ibada, watu wangali wamesimama nje kanisani, alimwendea mzee mbele ya wote, Mathayo nyuma yake.

"Mzee Alute, umeninyamazia. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama." Mzee alizungusha kofia mikononi. "Nimeliapia lile neno. Mtu hatanii jambo aliloliapia. Limeisha."

"Limeisha?"

"Limeisha."

"Basi tafuta jingine."

Alute akainua kichwa. Watu walikuwa wamegeuka kuwatazama, hata watoto. Alimtazama Eliana kuanzia kilemba mpaka ndala, polepole, kama anayemkagua ng'ombe mnadani, na macho yake ya kizee yakaanza kumetameta.

"Ugali wako," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, "ugali wako hata mbwa wa mchungaji aliuonja akaomba ubatizo afe Mkristo!"

Kisha Mathayo, mtu wa maneno machache, akasema, "Hilo la ugali, mzee, hata mimi naweza kuliapia."

Uwanja mzima ukalipuka. Wanawake walishikana mabega, mtu mmoja akapiga kigelegele, mchungaji akageuka kando kuficha meno. Eliana alicheka mpaka akaishiwa nguvu, akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya ibada, analia na kucheka, huku akiwatukana wote wawili kwa majina ya mama zao, naye Alute amesimama juu yake akiendelea kuukashifu ugali huo kwa mapana na marefu.